Chokaa Juu ya Mchwa

Sifa na shukrani ni kwa Mungu Baba, aliyeniamsha leo nikiwa na macho ya kuona na miguu ya kunifikisha kanisani. Kabla ya kuandika nimemwomba anitulize ulimi, maana nina hasira. Lakini hasira inayomwokoa mtu si dhambi. Hata Bwana wetu alipindua meza hekaluni.

Mwanangu, Jumapili iliyopita nilikwenda kuiona nyumba mpya ya mjukuu wangu, Morogoro mjini. Nikaona njia ya udongo wa mchwa imepanda kutoka sakafuni hadi kwenye fremu ya mlango, na juu yake imepakwa rangi. Nilipomuuliza, alicheka. "Bibi, nyumba ya tofali hailiwi." Sikula chakula chake.

Nakumbuka siku moja, miaka ile ya Ujamaa, nilipokuwa mchumba wa Kosmas. Kwetu tulikuwa bado juu milimani, Kinole. Yeye alikuwa amehamia kijiji kipya huku chini, upande wa Ngerengere, ambako nyumba zilipangwa kwa mstari. Kiwanja chake kiliangukia kando ya kichuguu kikubwa. Mwingine angekibomoa siku ileile, lakini Kosmas alikifurahia, kwa kuwa mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi hutoka, na mwenye kichuguu ndiye mwenye kitoweo. Alinitumia salamu kwamba nitakaanga mpaka majirani wakose usingizi kwa harufu.

Sisi Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo neno. Kabla ya ndoa mjomba wangu alitaka kuiona nyumba nitakayolala. Tukashuka naye, mama na mimi. Tukaikuta nyumba inang'aa, kuta zote zimepakwa chokaa. Mama alifurahi, akaanza kuonyesha mahali pa kuweka mitungi. Mjomba naye aliisifu, akanywa maji, akauliza habari za shamba. Kisha akainuka, akagonga ukuta penye nguzo ya kando ya kitanda, akatega sikio.

Akaniita. "Njoo, mama. Weka sikio hapa."

Nikasikia mchakacho, kama mchele unaomwagwa taratibu juu ya ungo. Mjomba akasukuma kidole gumba kwenye ile chokaa, kikazama chote. Ndani ya nguzo hamkuwa na mti tena, ulikuwa udongo mtupu. Na nguzo ile ndiyo iliyobeba paa juu ya kitanda changu.

Kosmas alijitetea. Njia za mchwa alikwisha kuzikwangua, kiwanja alipimiwa na wakubwa, na kichuguu angekibomoa mvua zikipita, kumbikumbi wakishatoka.

"Waliokupimia kiwanja hawakukufumba macho," mjomba alimwambia. "Unamfuga anayekula nyumba yako ili akupe kitoweo. Mtoto wa dada yangu simtoi alale hapa."

Akashika fimbo yake tuondoke. Walidhani nitalia. Mimi nilikuwa na hasira, wala si kwa ajili ya nguzo.

"Ungeniambia nyumba ina mchwa, Kosmas, ningekuja na jembe," nilisema. "Wewe umenipakia chokaa."

Alichukua jembe nyuma ya mlango, akaenda kukipasua kile kichuguu. Mjomba alimtazama kitambo, akavua shati, akashuka shimoni kumsaidia. Walichimba hadi wakamtoa malkia, mnene kama kidole. Nguzo zote ziling'olewa, zikawekwa za mti mgumu uliokauka, miguu yake imeunguzwa motoni. Harusi ilisubiri. Mwaka ule sikula kumbikumbi, wala sikuwatamani.

Nyumba ile ililea watoto wetu wote. Siku tulipomtoa Kosmas kwenda kumzika, nguzo zake ukizigonga zilikuwa bado zinalia kama chuma.

Sasa nisikilize. Bandu bandu huisha gogo. Mchwa hali tofali, lakini anapita humo humo kwenda kwenye milango na kenchi za paa. Ukiona njia yake usiipake kitu. Ivunje, uifuate mpaka inakotoka, uchimbe, na malkia akibaki hujafanya kazi. Kuni usiziegemeze ukutani. Mti mbichi wenye maganda usiufukie ardhini. Maji yasituame msingini, na mvua zikianza izunguke nyumba yako ukitazama chini kama aliyepoteza sindano. Panya na mende unaowalaumu ni wageni wako mwenyewe, umewaalika kwa makombo unayoyalaza wazi. Na anayelala chini ya paa lako mwambie ukweli wa paa hilo.

Jumapili ijayo nitarudi kwa mjukuu wangu, na jembe nitalibeba mwenyewe.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jicho la kuona kilicho kidogo kabla hakijawa kikubwa. Paa lako likufunike lisikuangukie, na watakaolala chini yake waamke salama. Amina.