Ukuta wa Barabarani

Jirani yangu anapaka nyumba yake leo, na harufu ya chokaa ya Kabimba inanijaza mate ya kutema.

Masomo yetu, ile shule ya utoto wangu, ilikuwa nyumba moja ndefu ya matofali mabichi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka, hata mbuzi waliingia kusoma pamoja nasi. Siku moja tukasikia kwamba inspekta atapita. Direkta wetu, mutu aliyeijua pasi ya abakosi yake, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, kuliko kitabu, akatangaza salongo, kazi ya lazima bila malipo. Wiki nzima hatukusoma. Tulichota maji ziwani, tukakoroga chokaa, tukapaka ukuta wa barabarani peke yake, mpaka vidole vikachunika.

Mama yangu akaja kumuuliza, "Papa Direkta, ule wa nyuma wenye kupasuka mutautengeneza siku gani?"

Akacheka. "Mama, mugeni anapita barabarani. Nani atazunguka nyuma?"

Kwa hilo tu alisema kweli. Inspekta hakushuka hata kwenye motokari. Tulicheza, tukaimba nyimbo za kusifu Chama chenye kutawala mpaka sauti zikakauka. Akatoa mkono dirishani, akasema, "Masomo nzuri," akatuachia vumbi.

Mvua kubwa ya Jumapili ikaangusha ukuta wa nyuma juu ya mabanko ya kukalia watoto wadogo. Kesho yake direkta akatupanga mbele ya ule mweupe, abakosi yake safi, bila hata tone la matope.

"Mupige makofi," akasema. "Ukuta wenye inspekta aliona ungali umesimama."

Tukapiga, na vidole vyetu vyenye vidonda.