Daraja la Kusimama

Miaka ile ya tisini nilikuwa seremala kwa mjomba wangu, karibu na Soko la Toi. Tulitengeneza vitanda. Siku moja msimamizi wa msitu wa hifadhi ulio ng'ambo ya mtaa wetu akaja kutafuta mtu wa kumchorea daraja la miguu na kumjengea, wageni wavuke kijito bila kukanyaga mimea. Mjomba akanisukuma mbele.

"Huyu haongei, lakini anachora."

Hiyo ingekuwa kazi yangu ya kwanza mwenyewe. Mchoro ukikataliwa, ningerudi kupiga randa miguu ya vitanda.

Nilichora siku nne, nyuma ya kalenda kuukuu. Magogo mawili ya mkaratusi, na juu yake mbao zilizoachana upana wa kidole ili maji ya mvua yapite. Upana wa daraja niliupima kwa madaraja tuliyolaza juu ya mitaro mtaani kwetu Silanga: mtu mmoja na mtungi wake wa maji. Kwetu anayefika kwanza huvuka, mwingine hungoja, wanasalimiana, basi.

Msimamizi alirudi kwa mjomba, akatazama, akacheka. "Kijana, hapa nitapitisha watu ama mbuzi? Wageni wanatembea wawili wawili. Na wakifika katikati watasimama waangalie ndege."

"Wasimame? Juu ya daraja?"

"Eeh. Kama ni ngumu, kuna fundi wa Kawangware anakuja kesho."

Masikio yaliniwaka. Sijui sauti ilitoka wapi. "Simama hapo kando ya mjomba," nikamwambia.

Wakasimama bega kwa bega. Nikapita nyuma yao kama mgeni mwenye haraka, nikatia alama ya upana huo ardhini kwa kijiti.

"Huyu apunguze chapati kwanza," msimamizi akasema.

"Hiki kitambi ndicho kipimo," mjomba akajibu. "Chora, bana."

Magogo yakawa matatu. Nikaongeza reli za kuegemea, kimo cha kiwiko. Nilichora palepale, polepole kama kawaida yangu, wao wakingoja. Msimamizi alipoikunja kalenda akaitia mfukoni, nilijua kazi ni yangu.

Siku tuliyopiga msumari wa mwisho, nilisimama katikati nikaegemea reli. Bado nakumbuka harufu ya zile mbao mpya. Kwenye madaraja ya kwetu nilizoea kusikia nyuma yangu, "Songa, watu wavuke!" Nikangoja niisikie. Nilisikia ndege tu.