Jicho la Ndama

Kila asubuhi bibi husali akiwa amefumba jicho moja tu. La pili ni la ndama, aliyezoea kuingia jikoni kulamba unga. "Ee Mungu mwenye rehema, toka hapo, mwizi mkubwa we, utubariki sote." Ndivyo alivyosali tangu aolewe kwenye ranchi hii, na wanawe wote walikua wakiitikia amina bila kujua nani kakaripiwa. Jana baba mkubwa, kifungua mimba wake, alikuja na gari kumhamishia mjini.

"Mama, umezeeka. Ng'ombe tutawauza, ukapumzike kwangu."

"Ngoja kwanza nikamuulize Mungu, mwanangu."

Akachukua fimbo, akafungua zizi, akatoka na kundi zima. Tulimsikia akisali kwa sauti kuelekea bondeni. Baba mkubwa alikaa garini kusubiri jibu. Jua likazama, bibi hajarudi.