Mtoto Aliponyamaza

Juzi hapa Mwihoko nilimsikia jirani, ng'ambo ya ukuta, akimwombea mtoto wake mgonjwa aliyekuwa akilia. Mtoto akanyamaza ghafla, nami nikaegemea ukuta.

Akili ilinirudisha Ruiru, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga tulikoishi nikiwa mdogo, alasiri moja yenye harufu ya sabuni na mafuta ya taa. Mama alikuwa amempakata mtoto wa Mama Atieno, jirani yetu ambaye hakuwa mtu wa kanisa. Mtoto alichemka kwa homa, akilia kwa sauti nyembamba kama ya paka.

"Tulia, Mama Atieno. Leo utaona nguvu za Mungu," Mama alimwambia, kisha akaomba hadi kitambaa chake cha kichwa kikalowa jasho.

Mtoto akanyamaza. Nilikimbia nje nikipiga kelele, "Amepona! Yesu amemponya!" Wanawake waliokuwa wakifua wakaanza kuimba na kupiga makofi. Mama Atieno alipopiga yowe ndani, nilidhani ni la furaha, nikazidi kuimba, mpaka Mama alipotoka akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Mtoto alikuwa amekata roho.

Mama aliendelea kuomba, na kumchotea Mama Atieno maji kila asubuhi, lakini sikumsikia tena akimwahidi mtu chochote.

Juzi nilibaki nimeegemea ukuta ule, nikisikiliza. Mtoto alipoanza kulia tena, ndipo nikasema amina.