Sauti ya Zipora

Kwa miaka kumi na tisa, mfugaji yeyote aliyepiga simu kwenye duka la dawa za mifugo la mzee Rajabali, mjini Dodoma, alipokewa na Zipora Ndahani. Alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akauliza habari za mvua, za watoto, na mwisho za mifugo. Hakuwa daktari. Asipojua jambo alisema hajui, akamtafuta mtaalamu.

Mzee Rajabali alipodhoofika, duka likashikwa na mwanawe, Riyaz. Huyo ndiye aliyemwomba Zipora asome sentensi kwenye kinasa sauti, siku tatu mfululizo. "Ni mambo ya ofisi tu, mama," alisema. Zipora akasoma. Miezi miwili baadaye walimuaga kwa keki na kitenge, akarudi mtaani kwake Makole, kwenye vyumba viwili alivyoachiwa na marehemu mumewe. Binti yake wa pekee, Restuta, anafanya kazi Mwanza. Hupiga simu Jumapili akipata nafasi.

Hakuna aliyemwandaa kwa ukimya ule. Mtu aliyezoea kuongea na watu hamsini kwa siku alijikuta jioni inaingia hajatamka neno, ila "asante" kwa muuza maziwa. Siku moja, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, akaona apige dukani, angalau awasalimie.

"Mbukwenyi. Mimi ni Zipora. Habari za mvua huko?"

Aliitazama simu, kisha akairudisha sikioni. Ilikuwa sauti yake, mpaka ile pumzi fupi anayovuta kabla ya kuuliza.

"Wewe nani?"

"Mimi ni Zipora, wa dukani. Nikusaidie nini leo?"

Akakata. Lakini kesho yake akapiga tena, na keshokutwa. Kuna siku, na hili lilimtia aibu, alijibu habari za mvua, akaeleza na mgongo unavyomsumbua, akapewa pole. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Mwezi wa tano alikuwa soko la Majengo akiuliza bei ya vitunguu, mwanamume mrefu aliyepita nyuma yake akasimama ghafla.

"Hiyo sauti! Wewe ni mama Zipora. Mimi Lameck, wa Kongwa."

Walikuwa wameongea kwa simu miaka mingi bila kuonana. Zipora akafurahi, akamshika mkono. Lameck hakutabasamu.

"Mbuzi wangu tisa wametupa mimba, mama. Ni ile dawa ya minyoo uliyoniambia niwape. Siku zote ulikuwa unaniuliza kwanza kama wana mimba. Safari hii hukuuliza. Nikasema labda mama amechoka."

"Mwanangu, siyo mimi. Nilistaafu mwaka jana. Ile ni mashine."

"Sauti yako naijua," alisema Lameck, akaondoka.

Zipora aliviacha vitunguu, akaenda moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, mama," Riyaz alisimama kumpokea.

"Marahaba. Nani alikuruhusu kuniongelesha na watu wakati mimi nimekaa nyumbani kimya?"

Riyaz akaeleza habari za akili mnemba, mashine iliyojifunza sauti yake kutoka kwenye zile sentensi alizosoma: kwamba wateja walikuwa wanakata simu wakisikia mtu mwingine, na kwamba walimpenda yeye. "Nilitaka wasikukose, mama."

"Walinipenda kwa sababu nisipojua nilisema sijui. Hicho kitu chako hakiwezi kusema hivyo. Mbuzi tisa, Riyaz!"

Riyaz akayatafuta mazungumzo ya Lameck kwenye kompyuta, akayasoma mpaka mwisho. Hakuna mahali palipoulizwa mimba. Akaizima ile huduma palepale.

"Nifanye nini, mama?"

"Futa sauti yangu. Ukiweka nyingine, ijitaje kuwa ni mashine kabla hata ya salamu. Mtu akiuliza dawa, aongee na mtaalamu. Na kesho unanipeleka Kongwa."

Walimkuta Lameck zizini. Riyaz alikiri kosa lake bila kuzungukazunguka, akaahidi kumletea mbuzi majike tisa, na wiki iliyofuata aliwaleta. Lakini siku ile Lameck hakuonekana kuwajali mbuzi. Alikuwa akimtazama Zipora.

"Mwezi wa tatu mama yangu alifariki," alisema. "Sikuwa na nguvu ya kumwambia mtu. Nilipiga dukani kuulizia dawa ya kupe, nikajikuta nakwambia wewe. Ukaniambia, pole sana Lameck, Mungu akutie nguvu. Nililia kwenye simu. Sasa, nilimwambia nani?"



"Hukumwambia mtu, mwanangu," Zipora akasema. "Mimi ndiyo kwanza nasikia sasa. Pole. Nipeleke alipolala."

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la karanga. Zipora alisimama pale muda mrefu, akauliza jina la marehemu, na alikuwa mtu wa namna gani. Lameck alisimulia mpaka jua likaegemea magharibi.

Siku hizi Zipora huenda dukani Jumanne na Alhamisi, kukagua majibu mapya ya mashine kabla hayajaanza kutumika. Sauti inayosikika ni ngeni, na hujitaja kuwa ni mashine kwanza. Siku nyingine hukaa Makole, redio ikiwa chini, simu mezani. Simu huita mara chache. Lameck alipiga mara moja, mvua za kwanza ziliponyesha. Waliongea dakika nne, mtandao ukakatika.