Siku Setilaiti Ilipopita Juu ya Kwetu

Jamani, mkinicheka chekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka hujifunika kanga usoni hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nafanya kazi Kilifi, katika shirika dogo la kulinda mikoko. Setilaiti zinapiga picha za pwani yetu kila uchao, picha nyingi hata macho ya binadamu hayawezi kuzimaliza, kwa hiyo tunatumia akili mnemba: inalinganisha picha za zamani na za sasa, na palipokatwa mikoko inapaka rangi nyekundu. Basi nikatumwa kwetu Sabaki kuwaeleza watu mambo hayo barazani, na bosi wangu akanipa picha za mahali pengine kabisa, akasema, "Dama, onyesha hizi tu, usiongeze."

Nami nikaongeza. (Ujuaji, ndugu zangu, ni maradhi.) Ukumbi umejaa, chifu yuko mbele, afisa wa misitu kando yake, na baba yangu, Mzee Kazungu, mjumbe wa kamati ya mikoko, kavaa shati lake la kanisani na anamwambia kila anayeingia kwamba yule pale ni bintiye, nikaona picha za ugenini zitamsisimua nani? Nikasema, "Tutazame hapa hapa kwetu!" Wakapiga makofi.

Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha pale ukutani nilipomulika picha, katikati ya kijani cha mikoko, likatokea doa jekundu. Ukumbi mzima ukaguna. "Mnaona?" nikasema, na sauti ikanipanda yenyewe kama mhubiri, "kuna mtu anawakatia watoto wetu kinga yao, naye huenda yumo humu humu!" Nikaivuta picha karibu, nikafuata kinjia chembamba kilichotoka kwenye doa kikapanda hadi kiwanjani, na kiwanjani pana nyumba mpya haijaezekwa, na ubavuni mwake rundo la vitu virefu virefu. "Boriti hizo! Chifu, mwenye nyumba hii asilale kwake leo!"

Nilitarajia makofi, hayakuja. Mama, aliyeketi kati ya watu, alikuwa ananitikisia kichwa kwa nguvu, nikadhani ni uchungu wa mikoko, nikazidi: "Mwenye nyumba asimame!"

Akasimama baba.

"Mwenye nyumba ni wewe, Dama," akasema taratibu, bila hasira (afadhali angenitukana). "Ulinipigia simu ukataka boriti madhubuti, paa liwe tayari kabla ya mvua. Ulidhani nitazitoa wapi, mwanangu?"

Nikatazama tena ukutani. Ni yangu! Nyumba niliyomwachia baba anijengee, ambayo sikuwahi kuiona kutoka juu, na boriti nilizoziagiza kwa mdomo wangu, mimi mtetezi wa mikoko, bila hata kufikiri kwamba boriti ndiyo hiyo mikoko yenyewe! Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, ukumbi wote ukamfuata, nami nimesimama pale, siwezi hata kuufumba mdomo.

Afisa wa misitu hakucheka. Tuliandikisha maelezo sote wawili, mimi na baba, boriti zikachukuliwa, na baba akajiondoa kwenye kamati kabla hajaambiwa.

Njiani kurudi nyumbani baba akauliza, "Hiyo mashine yako, iliniona mimi nikikata?"

"Hapana, baba. Haioni mtu, inaona miti tu."

"Basi aliyenionyesha kwa watu ni wewe."

Niliomba msamaha, naye alinisamehe, na hatimaye nyumba tukaiezeka kwa mbao za mvinje wa kupandwa shambani. Lakini nimeapa: doa jekundu likitokea, sipandi tena jukwaani, naenda kwanza kwa miguu yangu, napiga hodi, nauliza kwa adabu. Naye baba, hata leo akishika panga akate kuni za chai, hutazama juu mbinguni kwanza, kisha hunitazama mimi.