Difu ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu alinidhalilisha mbele ya watu, nami nikamlipa. Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema tulipatana. Hatukupatana.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Newala, maji yako chini bondeni na watu wako juu. Imekuwa hivyo tangu nizaliwe. Nilipopata pikapu yangu, kwa korosho za shamba nililolifyeka kwa mikono hii, kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kupandisha maji ya zahanati kila kiangazi. Tangi la plastiki la lita elfu moja mgongoni, mlima wa mchanga na makorongo mbele. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mwanamke aliyejifungua pale alioga maji yangu. Hicho ndicho kilikuwa cheo changu, na sikuwa na kingine.

Pikapu yangu ina loki ya difu. Kwa asiyejua magari: difu ni lile dude la katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu kwa matairi mawili. Difu ya kawaida ina ujinga wake. Tairi moja likining'inia hewani, nguvu yote inakimbilia huko, likazunguka bure, na lile lililokanyaga chini linakaa kama mgeni. Ukibonyeza loki, matairi yote mawili yanafungwa yanakuwa kitu kimoja. Ubaya wake, lazima ukumbuke kuifungua. Ukiingia nayo kwenye lami gari linakataa kona, matairi yanalia, na lazima kitu kikatike.

Kwangu kilikatika. Nilitoka Chiungutwa kwenye mchanga, nikaingia lami ya Masasi napiga soga na abiria wangu, loki nimeisahau. Kwenye kona ya sokoni shafti ikalia paa! Kosa lilikuwa langu, sijawahi kulikana.

Sasa huyu mpwa. Ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Kuendesha nilimfundisha mimi, kwa pikapu hiyohiyo. Akaenda chuo cha ufundi, akafanya kazi mjini, akarudi na pikapu mpya kuliko yangu. Kilipoitishwa kikao cha kijiji cha kuchagua mbeba maji wa kiangazi kile, nikajua ni jambo la kuitikia tu. Yeye akasimama.

"Gari langu lina difu inayojibana yenyewe," akasema. "Ndani zimo sahani za chuma. Tairi moja likiteleza, sahani zinabanana, nguvu inakwenda kwa lile jingine. Hakuna kitufe cha kusahau." Kisha akanigeukia. "Mjomba, pumzika. Mtu anayesahau zipu yake tutamwachia loki?"

Watu wakacheka. Dada yangu naye alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga, nikamwona.

Nikasema, "Tairi likinyanyuka kabisa, hizo sahani hazina cha kubania."

"Hayo ni ya darasa la ngapi, mjomba?"

Wakacheka tena. Kazi akapewa yeye, hivihivi, mchana kweupe, na mimi nimekaa mbele.

Sikugombana. Niliendelea kuchota maji ya nyumbani kwangu na ya majirani, nikangoja. Ule mlima naujua. Kuna mahali korongo linakata njia kwa mshazari, na kila mvua zikipita linachimbika zaidi.

Haikufika mwezi. Asubuhi moja napanda na tangi langu, namkuta amekwama palepale. Tairi lake la nyuma kushoto liko hewani linazunguka kama feni. La kulia limelala mchangani, halina habari. Shati lote limelowa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sahani zinabana?"

"Zinabana kidogo."

"Naona."

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Dawa ilikuwepo palepale. Difu ya aina ile, tairi likiwa hewani, unavuta breki ya mkono nusu huku unakanyaga mafuta polepole. Breki inalizuia lile tairi la hewani, sahani zinapata cha kubania, na lile la chini linashika. Nilifundishwa na dereva mmoja wa lori, miaka mingi iliyopita. Nililitazama kono la breki kupitia dirisha la mlango wake. Nikanyamaza.

"Nivute, mjomba."

"Nikuvute na tangi limejaa? Langu nalo limejaa. Mwaga."

"Nimwage maji ya zahanati?"

"Basi kaa nayo."

Mtu wa kwetu hamwagi maji. Yaliyosuuzia vyombo yanapelekwa kwa mbuzi. Alilizunguka gari mara mbili, akaitazama njia yote chini mpaka bondeni, ndipo akafungua koki. Kina mama waliokuwa wanapanda na ndoo wakaja mbio.

"Msomi ametuletea bomba!" mmoja akapiga kelele.

"Mwanangu, gari lako linakojoa!" akasema mwingine huku anakinga.

Waliokoa ndoo chache. Yaliyobaki yalinywewa na mchanga. Nilipopita mbele yake nikafunga mnyororo, nikanyoosha kidole aone vizuri, nikabonyeza loki. Nikamtoa. Tangi langu nikalipeleka moja kwa moja zahanati, na nesi akasema, "Karibu tena, mzee." Habari za wale kina mama zilifika kwa mwenyekiti wa kijiji kabla yangu. Wiki ile ile kazi ikarudi kwangu.

Wangenisifu kama ningeishia hapo. Sikuishia hapo. Alikuja nyumbani, ameinamisha kichwa.

"Mjomba, nataka nifunge loki kama yako. Hii ya kubana haifai?"

"Haifai," nikasema.

Nilidanganya. Ni difu nzuri. Kwenye barabara ya udongo iliyolowa ni bora kuliko yangu, haimtaki dereva afikiri kitu. Nikampeleka mwenyewe kwa fundi Masasi, nikasimama mpaka ekseli ikafunguliwa. Loki ya gari la aina ile haikupatikana Masasi wala Mtwara. Wanaingoja kutoka Dar.

Gari lake bado liko juu ya mawe. Kila niendapo Masasi napitia uani kwa fundi. Huniuliza kama gari langu lina tatizo, namwambia halina. Nasimama kidogo, naitazama ekseli ile ilivyo wazi, na kuku anayetaga chini yake, kisha naenda zangu.